Bustani Imehama

Kabla ya ukame, Diriye alikuwa na ngamia kule Tarbaj. Walimfia wote kwenye kisima kikavu, akingoja lori la maji lililoahidiwa kufika Jumatatu. Jumatatu ilipita, na nyingine, na lori halikuja. Akahamia Garissa kwa binti yake Shamis. Kutwa alikaa mlangoni akikemea mbuzi wa majirani, kwa kuwa hakuwa na wa kwake.

Ndipo sisi vijana wa mtaa tulipoanzisha bustani katika uwanja mpya wa mapumziko. Uwanja wenyewe ulikuwa vumbi, viti viwili vya saruji na bango: USIKANYAGE NYASI. Nilipanda juu ya kiti nikahutubia hadi sauti ikakauka. Mtaa huu utajilisha wenyewe! Tukajaza udongo na samadi kwenye magunia, tukapanda sukuma wiki na nyanya, kila mtu kwa kujitolea. Tulipoomba mlinzi, Diriye akaja na fimbo yake.

Haikupita wiki akawa amelifunga gunia la mbele kengele ya mbao ya ngamia. Kila jioni alizunguka akiyapapasa magunia na kuyaita kwa majina. Jirani yetu Khadijo alipokuja na bakuli kuchuma nyanya, alimzuia.

"Huyu ana mimba. Rudi Alhamisi."

"Adeer," akamwita kwa heshima ya mzee, "hii ni nyanya!"

"Ndiyo maana nakuambia kwa upole."

Kisha bomba likakauka, siku chache kabla ya bustani kuzinduliwa rasmi. Nilikwenda ofisi ya maji kulalamika, nikapiga meza, nikarudi na jibu.

"Maji yatakuja Jumatatu, Adeer."

Diriye akasimama. "Jumatatu gani?"

"Hii ijayo."

"Naijua hiyo. Hata Tarbaj tuliambiwa hiyo hiyo."

"Lakini afisa wa serikali anakuja kuzindua! Lazima aone kijani."

"Ataona mizoga," alisema. Akaenda kuyapapasa magunia, moja moja.

Asubuhi ya uzinduzi nilikutana na msafara barabarani. Diriye alikuwa amesimamisha mikokoteni ya punda inayoteremka mtoni Tana na mitungi mitupu, akaipakia bustani nzima. Sukuma wiki zilikuwa zikiyumbayumba, kengele ikilia, naye mbele anapiga mluzi.

"Adeer, tungeleta maji hapa!"

"Mimi sikuwahi kumbebea ngamia maji. Yeye ndiye huyafuata."

"Subiri kidogo tu!"

"Waryaa, wewe kijana, mto haujawahi kuniambia Jumatatu."

Afisa akafika. Utepe ulikuwa umefungwa kati ya viti viwili, na nyuma yake vumbi.

"Bustani iko wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimeandaa hotuba kali kuhusu haki ya maji. Kilichonitoka ni neno moja: "Imehama."

Afisa, naye mtoto wa wafugaji, akaangalia mbingu kidogo. "Imefuata malisho au maji?"

"Maji."

"Haki yake."

Akakata utepe. Watu wakapiga makofi. Akausifu ustawi wa mboga zetu popote zilipo, kisha akauzunguka uwanja kwa nje, asikanyage nyasi. Kabla ya kuingia garini akatutuliza: maji yatafika Jumatatu. Umati wote ukageuka kutazama upande wa mtoni.

Mvua zilipoanza, tulisikia kengele kabla ya kuona punda. Magunia yote yalirudi, yamenona, hakuna lililokufa. Shamis alilia. Diriye aliyahesabu, akakunja uso, akayahesabu tena. Kulikuwa na moja la ziada, la pilipili.

"Limefuata kundi," akasema. "La mtu huko mtoni. Sasa hivi anahangaika kulitafuta."

"Adeer, ni pilipili tu. Tubaki nalo."

Alinitazama kana kwamba mimi ni mwizi wa mifugo. Akalipakia gunia mkokotenini, akanitupia fimbo. "Shika hawa. Wasitawanyike."

Akaondoka. Nikabaki nimesimama kati ya magunia, fimbo begani, na muda si muda Khadijo akatokea na bakuli lake.

"Mngoje Diriye," nikamwambia. "Humu kuna wenye mimba."