Nyasi za Kinamasini

Yule mama alikuwa mkata nyasi za kuezekea tangu usichana wake, na alizoea kupima watu kama alivyopima nyasi. Mume wa binti yake naye mama alimpima mara moja tu, siku kijana huyo alipokuja kujitambulisha, akamwona laini.

Mwaka huo mkwe alijenga jiko la nje, akatangaza kwamba ataliezeka mwenyewe. Mama akamwelekeza akakate kilimani kwenye mawe, ambako nyasi huota nyembamba na ngumu. Mkwe akashuka kinamasini kwa sababu ni karibu, akarudi na matita ya nyasi nene zilizojaa maji.

"Mama, nyasi ni nyasi," alisema, akijifuta jasho ambalo mama hakuliona.

"Hata mbuzi anachagua, baba."

Mvua zilipoanza, paa lilikuwa limeshaoza, linanuka na kuvuja. Binti alipika huku ameifunika sufuria kwa mgongo wake, mumewe akiilaumu mvua. Mama akasonya kwa nguvu ili mkwe asikie.

Mvua zilipopumzika, alichukua mundu akapanda kilimani. Mkwe akamfuata mbio, akiomba amsaidie kubeba.

"Nenda kambebee mkeo sufuria," alimjibu bila kugeuka.

Alikata, akaanika, akaezeka upya peke yake mpaka mgongo ukagoma. Paa halikuvuja tena. Jirani alipolisifia, mkwe akadakia, "Tumejitahidi."

Mama alimtazama juu mpaka chini, akaona hata kumjibu ni kumpa cheo.