Filamu ya Vilima kwa Mpima Ardhi

Shangazi yangu hauzi filamu ya zawadi kwa mtu aliyesimama. Ukifika dukani kwake ukasema unatafuta filamu ya kumpa mtu, atakuonyesha stuli iliyo mbele ya meza, atazima feni ili akusikie vizuri, kisha atakuuliza swali moja tu: "Huyo unayetaka kumpa, akidhani hakuna anayemwona, hufanya nini?" Ukikosa jibu, utaambiwa kwa upole urudi nyumbani ukamchunguze kwanza.

Duka lenyewe ni chumba kimoja kati ya kinyozi na fundi wa funguo. Lina kompyuta, rafu tatu za diski za zamani ambazo siku hizi ni pambo, na droo iliyojaa flashi. Filamu za mapigano, za mapenzi na za vichekesho anazo, na hizo humwekea yeyote bila maswali. Za zawadi ni habari nyingine. Hizo huzitoa kwenye orodha yake mwenyewe, filamu mia mbili na ushee, zote za ajabu. Mna filamu ambamo nguo zikishakauka hushuka zenyewe kwenye kamba na kutembea hadi kwa wenye nguo. Mna nyingine ya mji ambao mvua yake hutoka ardhini kwenda juu, na wakazi hufunga miamvuli miguuni. Ndiyo maana mtaa mzima humwita Mama Maajabu.

"Watu wanataka kupewa sufuria," fundi wa funguo humtania kutoka mlangoni kwake, "wewe unawapa ndoto za mtu mwingine."

"Sufuria atajinunulia mwenyewe," hujibu shangazi. "Ndoto ataitoa wapi?"

Nilikuwapo siku alipokuja msimamizi wa kiwanda cha matofali, mtu mnene mwenye haraka, kutafuta zawadi ya karani wake aliyekuwa akistaafu.

"Akidhani hakuna anayemwona, hufanya nini?" shangazi akamuuliza.

"Yule? Hafanyi kitu. Ni mtu wa kazi tu."

"Basi njoo kesho."

"Mama, gari langu nimeliacha barabarani."

"Nalo uje nalo kesho."

Msimamizi aliinuka, akafika mlangoni, akageuka. "Kuna kitu, lakini ni cha kipuuzi. Huongea na mihuri. Huiomba radhi kabla ya kuigonga."

"Kaa chini," alisema shangazi, na dakika tano baadaye ile mvua inayopanda juu ilikuwa ndani ya flashi, flashi ndani ya kiboksi, na juu ya kiboksi ameandika kwa mkono wake jina la filamu na neno moja la kumwandaa mpokeaji: *Usitafute sababu.* Wiki mbili baadaye karani mwenyewe alikuja. Alikuwa ameitazama mara tatu, na alitaka kujua ni nani aliyemsema.

Kwa miaka kumi na moja hakuna filamu ya zawadi iliyowahi kurudishwa. Shangazi hakujigamba kwa hilo. Alilisema kama mtu anayetaja namba ya kiatu chake.

Ya kwanza kurudishwa ilirudishwa na kaka yake, ambaye ni baba yangu.

Baba alikuwa mpima ardhi kwa miaka arobaini. Ni mtu wa mistari iliyonyooka. Viatu vyake hupangwa ukutani kama askari, na picha ikipinda ukutani hawezi kula mpaka mtu aiweke sawa. Mwaka ule alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa ameanza kumimina chai pembeni mwa kikombe, na asubuhi moja alilisalimia koti lililotundikwa mlangoni na kuliuliza habari za nyumbani. Daktari wa macho alimpangia upasuaji siku ya Jumanne, akaonya kwamba kila mwezi unaopita unaifanya kazi iwe ngumu zaidi. Baba akakataa.

"Nimeona vya kutosha," alisema. "Dunia niliyotaka kuiona nimeshaipima yote. Kilichobaki ni marudio."

Mama alimbembeleza, nasi watoto tukambembeleza, kila mmoja kwa zamu yake. Alitusikiliza kwa adabu kama mtu anayesubiri tangazo liishe. Siku ya Jumatano, zikiwa zimebaki siku sita, mama alivaa viatu vyake vya kutokea akaenda dukani, akakaa kwenye stuli.

"Wifi," alisema, "leo nimekuja kama mteja."

"Wewe? Hujawahi kufika katikati ya filamu bila kukoroma."

"Si yangu. Ni ya kaka yako. Mpe kitu kitakachomfanya atake kuona. Sisi tumeshindwa."

Shangazi hakuuliza swali lake. Aliona hakuna haja. Kaka yake alimbeba mgongoni tangu hajaota meno. Anamjua ndani na nje. Tena alikumbuka vizuri siku alipofungua duka: baba alisimama katikati ya chumba, akasoma majina ya filamu rafuni, akauliza, "Kumbe watu wazima hununua uongo?" Mtu wa namna hiyo, aliwaza, humpi vilima vinavyotembea. Akamchagulia filamu ya kweli kabisa ya ujenzi wa daraja kubwa juu ya bonde, mwanzo hadi mwisho, wahandisi wakieleza kila hatua. Akaiweka ndani ya kiboksi, akampa mama kwa kujiamini.

Ijumaa asubuhi baba alikuja dukani, mkono mmoja umemshika mama, mwingine unapapasa ukuta. Akaweka flashi mezani.

"Chukua hii."

"Imeharibika?"

"Ni nzima. Ni daraja. Nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilizijua kabla hazijasimama."

"Nilidhani utaipenda. Inafanana na kazi yako."

"Karani wa kiwanda cha matofali," alisema baba polepole, "mtu ninayemfahamu, hana mzaha hata chembe, alinikalisha saa nzima akinisimulia mvua inayopanda juu. Alisimulia mpaka akatokwa jasho. Huyo ni mteja, mtu baki. Mimi wa tumbo moja na wewe, unaniletea zege."

Pale jirani mashine ya kuchonga funguo ilinyamaza. Fundi alikuwa anasikiliza.

"Kaka, wewe ndiye uliyeita vitu hivi uongo."

"Niliita. Miaka kumi na moja iliyopita. Umeniuliza tena tangu hapo?"

Baba akamgeukia mama. "Twende. Na hiyo Jumanne yenu msinisumbue nayo."

Walipoondoka, shangazi aliizunguka meza akaketi kwenye stuli ya wateja. Alikaa pale mpaka kinyozi akachungulia kuuliza kama anaumwa. "Siumwi," alisema. "Nimeuza filamu bila kuuliza swali langu, kama kwa mtu aliyesimama." Kinyozi hakuelewa, lakini aliitikia kwa kichwa kwa heshima.

Jumamosi alikuja nyumbani. Baba alikuwa bafuni, na baba akiingia bafuni ni nusu saa kamili kwa saa. Mama alikuwa jikoni akimenya viazi.

"Wifi, nijibu swali. Mumeo akidhani hakuna anayemwona, hufanya nini?"

"Miaka thelathini na minane ya ndoa, ndiyo unaniuliza leo?"

"Ndiyo naliona kosa langu leo."

Mama aliendelea kumenya kidogo. Kisha akasema kwamba kila alasiri, baba akiamini kwamba yeye amelala, huvuta kasha la madaftari yake ya kazini kutoka chini ya kitanda, huchukua kioo cha kukuzia, na kugandamiza ukurasa karibu kabisa na pua. Hukaa hivyo mpaka machozi yamtoke.

"Anasoma nini?"

"Namba, nadhani. Si ni vipimo?"

"Mstaafu anasoma vipimo vya nini? Umewahi kuangalia?"

"Madaftari ya kazi ya mtu? Sijawahi."

Walitazamana. Maji ya bafuni yalikuwa bado yanasikika. Mama akafuta mikono, akaenda chumbani, akarudi na daftari moja la juu, jalada lake limelainika kama kitambaa.

Upande wa kushoto palikuwa na vipimo, safu kwa safu, mwandiko wa baba ule ule wa kupigia rula. Pembezoni, kwa penseli, palikuwa na kilima kimevaa viatu. Ukurasa uliofuata, mti umejitwisha mwenzake ukivuka barabara. Ukurasa mwingine, mto umejifunga fundo kama kamba, na juu ya fundo ndege anajaribu kulifungua. Chini ya kila mchoro paliandikwa tarehe na vipimo, bila utani wowote: *Kiatu cha kulia, mita kumi na mbili. Cha kushoto hakikufikika kwa sababu ya matope.*

"Na huyu mtu," alisema mama, "ndiye aliyenigombeza kwa kukata kitambaa cha meza kwa macho bila rula."

Shangazi hakucheka. Alifunua kurasa chache tu, akalifunga daftari, akamwambia mama alirudishe kama lilivyokuwa. "Nilikuwa natafuta filamu ya kumpeleka mahali asikokujua," alisema. "Kumbe ameishi huko miaka arobaini, na hakuna aliyemtembelea."

Filamu aliyoichagua aliileta mwenyewe Jumapili alasiri. Ni filamu yenye maneno machache sana. Vilima vya nchi moja huamka alfajiri, huenda mtoni kunywa maji, na vikirudi kila kimoja hukaa mahali pa mwenzake. Mama mmoja mchoraji wa ramani huvifuata kila siku na penseli yake, akifuta na kuchora upya. Shangazi alikuwa ameitazama mara tisa.

Baba alikaa kwa kukunja mikono. Filamu ikaanza.

"Nini hicho kinachosogea?"

"Kilima."

"Kilima hakisogei."

"Tazama."

Akatazama. Mikono ikakunjuka. "Kinakwenda wapi?"

"Mtoni."

Alivuta kiti mbele, akakivuta tena, mpaka pua yake ikakaribia kugusa runinga. Kilima kilikuwa kinateremka bondeni, nacho baba alikifuata kwa kichwa kizima kama mtu anayesoma bango kutoka ndani ya basi.

"Kina miguu mingapi?"

Mama alifungua mdomo. Shangazi akamwekea mkono gotini.

"Sisemi," alisema shangazi.

"Ni swali dogo."

"Na kliniki ni mwendo wa dakika ishirini."

"Hiyo ni hongo."

"Ni zawadi. Ila hii ni ya mtu mwenye macho."

"Wewe," baba akamgeukia mama, "niambie."

"Mimi nilisinzia," alisema mama, aliyekuwa macho makavu kabisa.

Baba aliomba kipande kile kirudiwe mara nne. Alishindwa kuona, basi akaanza kukokotoa. "Kwa mwendo ule haiwezi kuwa minne," alisema. "Mzigo ungeegemea upande mmoja. Ni sita. Au saba, kama ule wa nyuma kinauburuza." Aliendelea kubishana na kilima peke yake mpaka filamu ikaisha, na ilipoisha hakusema kama ameipenda. Aliuliza tu upasuaji ni saa ngapi.

Jumanne alikuwa amevaa kabla yetu sote, ameketi karibu na mlango, karatasi za kliniki zimelala magotini pembe kwa pembe. Muuguzi alipomuuliza kama ana wasiwasi wowote, alijibu kwamba anao mmoja, lakini hauhusu macho.

Daktari alianza na jicho la kulia. Bandeji ilipotolewa siku iliyofuata, aliyesimama mbele yake alikuwa dada yake. Baba alimtazama kwa muda mrefu.

"Umezeeka," alisema.

"Na kioo kiko pale, ukitaka kuona mwingine."

Aliagizwa apumzike siku chache, akapumzika kwa kuhesabu saa. Jumamosi tulikaa tena mbele ya runinga, safari hii kiti chake kikiwa ukutani kama cha watu wengine. Kilima kiliinuka, kikajinyoosha, kikateremka.

"Saba," alisema baba. "Na wa nyuma kinauburuza."

"Saba," alikubali shangazi. Alijilaza kitini kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

Baba akanyoosha mkono. "Rudisha nyuma. Kidogo. Hapo, simamisha."

Alisimama akaenda hadi kwenye runinga, akapima kwa kidole kutoka ukingo wa kulia. "Robo ya upana. Chini ya ule mgongo. Kile kilima kidogo cha mwisho."

Shangazi alisogea, akainama, akakodoa macho. Hakuona kitu. Baba akagusa kioo cha runinga. Ndipo alipoiona: nyumba ndogo ubavuni mwa kilima, isiyozidi ukubwa wa punje ya mchele, na dirishani mtu ameshika fremu kwa mikono yote miwili ili asianguke wakati nyumba inatembea.

"Umewapa watu wangapi filamu hii?" aliuliza baba.

"Kumi na wanne."

"Na hukuwahi kuwaambia kuna mtu anakaa mle."

"Sikujua, kaka. Mara tisa nimeitazama."

Baba alirudi kitini kwake, akaisogeza stuli ya mama ya jikoni ikawa sambamba na kiti, akaipigapiga kwa kiganja. "Kaa hapa," alimwambia dada yake. "Tunaanza mwanzo, na usiwe na haraka. Wewe angalia vilima, mimi nitaangalia madirisha."