Chozi wa Kinoo

Nakumbuka Jumamosi moja kule Kinoo, mwanangu, wakati bado kulikuwa na mashamba ya sukuma wiki nyuma ya nyumba ya akina mama yako. Ndiyo siku tuliyopeleka mahari, ruracio kama waitavyo kwao. Wacha nikwambie, niliogopa! Wanawake walipanga wasichana waliofunikwa shuka kuanzia kichwani, wakasema, "Haya, kijana wa Ukambani, toa wako." Ukikosea unalipa mbuzi, na hiyo ndiyo nafuu. Mkwe aliyeshindwa kumjua bibi yake huchekwa mpaka azikwe.

Mjomba wangu akaninong'oneza, "Angalia viatu." Wa katikati alivaa viatu vya Wambui, mama yako, vile vyekundu nilivyomnunulia mwenyewe. Nikapiga hatua.

Hapo nikakumbuka Jumapili moja tukiwa kwenye ua wao wa mishubiri. Kindege cha kijani kinachometa, tumbo la manjano, kilikuwa kikinyonya maua. Nikajitia ujuaji: "Hiyo ni hummingbird."

Wambui akacheka. "Aki wewe na televisheni! Hummingbird ziko Amerika. Hii ni chozi. Ona, imetua kwanza ndio inyonye."

Kando yake palikuwa na kingine, cha rangi ya vumbi. Nikasema hicho ni shomoro tu.

"Shomoro na mdomo umepinda hivyo? Huyo ni bibi yake. Wacha manyoya, angalia vile anafanya."

Basi nikaachana na viatu, nikatazama miguu yenyewe. Mwishoni alikuwepo mmoja mwenye malapa, akisugua kisigino juu ya kidole cha mguu wa pili. Wambui hufanya hivyo akingoja jambo. Nikamshika mkono. Shuka ikatoka, vigelegele vikapigwa, naye akanifokea huku analia: "Nimekuona ukienda kwa viatu, wewe!" Sijawahi kufurahi namna ile tena.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, ingawa huyo msichana wako wa Kilimani simtukani. Umenionyesha picha zake mpaka simu ikazima. Nikakuuliza, akiogopa hufanya nini? Ukaanza kutafuta chaja. Basi tulia, mwanangu, haraka haraka haina baraka. Kaa naye akiwa amechoka, akiwa na hasira, akicheka na watu wa kwao, umjue kwa mwenendo wake. Na Mungu akubariki, akupe mwenzi unayemjua na anayekujua, hata siku ambayo mmoja wenu hatakuwa na nguvu ya kusema neno.