Jicho la Ng'ombe Kiganjani mwa Mama

Shule niliacha darasa la pili, na bucha yangu ya Mlandege, hapa Iringa, niliisimamisha kwa mikono yangu mwenyewe. Jicho nimelijua kwa kisu.

Miaka ile ya hamsini mama yangu alipata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mboni zikawa nyeupe kama maziwa. Daktari wa misheni akasema atapasuliwa. Mama akakataa katakata, na hoja alikuwa nayo: kichwa cha ng'ombe kikichemshwa, ndani ya jicho hutoka kigololi cheupe, kigumu. Kila aliyekula kichwa kwetu Uheheni anakijua.

"Moshi wa kuni umenipika macho," akaniambia. "Kitu kikishaiva hakirudi kuwa kibichi. Huyo daktari atanichomoa jicho zima, anibakishie shimo."

Nikaenda buchani, nikarudi na jicho bichi kwenye sinia. Nikakaa naye jikoni, nikalipasua. Kwa kuwa haoni, nikamwongoza vidole.

"Hii ngozi ngumu ndiyo weupe wa jicho. Huku mbele kama kioo cha dirisha, nyuma yake tundu la mboni. Mwanga unapita hapo."

"Mbona linateleza hivi?"

"Ute huo, mama, ndio unalijaza liwe duara. Sasa shika hiki."

Nikamwekea kigololi kiganjani. Kikiwa kibichi kinabonyea kidogo, na kinaonyesha hadi upande wa pili kama tone la maji.

"Hiki kinakusanya mwanga, kinautupa kwenye utando wa nyuma. Pale kuna mshipa unaopeleka habari ubongoni. Chako kimeingia ukungu, hakijapikwa. Daktari atatoa hiki tu, jicho libaki."

Akalipapasa lile jicho tena, taratibu. "Na mshipa bado upo?"

"Vuta."

Akauvuta. Haukukatika.

"Tangu utoto wewe ni mchafu tu," akasema, akijifuta mikono. "Haya, nipeleke. Akiniharibu, utanilisha wewe."

Walianza na jicho moja. Akalazwa chali, kichwa kimebanwa kwa vifuko vya mchanga, hata kukohoa marufuku. Walipomfungua bandeji na kumvisha miwani minene ya kushika nafasi ya kile kigololi, akanitazama.

"Kumbe una kipara."

"Kipo siku nyingi, mama."

"Na hakuna aliyeniambia." Akanivuta kichwa karibu, akakipangusa kwa ncha ya kanga yake.