Wakonyo na Turbo ya Zachary

Ilikuwa mwaka wa 2022. Hapana, nadanganya. 2022 ndio mwaka niling'olewa meno matatu nikakaa ndani karibu mwezi, na haya mambo niliyaona nikitembea kila siku. Basi ni 2023, mwezi wa saba, ile baridi ya Nyeri ambayo ukivaa makoti mawili unatamani la tatu. Tuseme 2023.

Wakonyo ni mwanamke fundi wa magari pale Ruring'u, nyuma ya uwanja wa mpira, kwenye kibanda cha mabati chenye mlango wa buluu. Mimi nampitia kila asubuhi. Tangu niache kuendesha lori sina kazi ila kutembea, na kwake kuna kiti. Alizaliwa Endarasha, kwa wakulima wa viazi. Akiwa darasa la saba alianza kutengeneza pampu za maji za majirani, kwa sababu fundi wa pampu alikuwa anakaa wiki nzima kabla ya kufika, na viazi havingoji. Baadaye akaenda Nairobi, akafagia gereji moja miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kushika spana, akaishika miaka sita, halafu akarudi. Haongei sana. Akikasirika hupangusa mikono na kitambaa hata kama mikono ni safi.

Kilichokuwa kinamkasirisha ni kimoja. Gari likiwa na kazi ngumu, watu wa Nyeri wanalipeleka Nairobi. Kwake wanaleta la kubadilisha oili. Mimi huniita guka, yaani babu. Siku moja aliniambia, "Guka, nikipata injini moja tu ya maana, nikaifanya hapa hapa Ruring'u, ikatembea mwaka mzima, hawa watu watanyamaza." Nilikuwa nakunywa chai yake.

Injini ya maana ililetwa na Zachary. Zachary ni mtoto wa mzee mmoja wa rika langu, ana duka la vigae mjini, na mwezi ule alikuwa anaoa. Alikuja na gari dogo la michezo, milango miwili, na ndani ya buti sanduku kubwa alilolinunua kwenye mtandao. Sanduku lilikuwa na turbo na mapaipu yake yote.

"Fundi, nataka uifunge. Lakini ukiniharibia hii gari nitaambia kila mtu."

"Na nikikutengenezea vizuri," Wakonyo akamwuliza, "utamwambia nani?"

Zachary akacheka. Hiyo ingetosha kunionya.

Mimi niliuliza turbo ni nini, kwa sababu lori langu halikuwa nayo. Wakonyo akanieleza akiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo ilikuwa inaonekana. "Ule moshi unatoka injini uko na nguvu ya bure, guka. Unazungusha feni huku, na feni ingine inasukuma hewa ndani ya injini. Hewa ikiwa mingi, unaongeza petroli, gari inakimbia. Usipoongeza petroli, injini inaungua ndani." Nilielewa. Hata jiko ni hivyo hivyo, karibu.

Sasa, kazi ya siku tatu ilichukua wiki tatu. Lile sanduku lilitengenezwa kwa nchi ambazo usukani uko kushoto. Sisi usukani uko kulia. Paipu kubwa ya kutoa moshi ilikuja ikagonga mhimili wa usukani, sawasawa kabisa, kama iliyopimiwa kugonga. Wakonyo akaikata, akaichomelea upya, akaijaribu, ikagusa. Akaikata tena. Mara ya nne ikapita, ikaacha nafasi ya kidole kimoja. Na muda huo wote watu walikuwa wanasimama mlangoni. Mwalimu mstaafu. Muuza makaa. Dereva wa bodaboda ambaye hajawahi kumiliki gari lolote.

"Mama, hiyo ungepeleka tu Nairobi."

"Ati unakata paipu mpya? Si utaharibu?"

"Mimi binamu yangu alifunga kama hiyo. Ilishika moto."

Mimi ni mtu mpole, lakini siku ile niliwaambia waende wakaangalie mpira. Mpira haukuwepo. Wakabaki.

Baada ya kufunga ndipo kazi yenyewe inaanza, na hapo ndipo watu wengi hawaelewi, hata Zachary mwenye gari hakuelewa. Gari lina kompyuta yake. Kompyuta hiyo ina jedwali la namba, na kila namba inasema hewa ikiwa kiasi hiki, weka petroli kiasi hiki. Turbo ikiingia, jedwali la zamani halifai. Lazima mtu aendeshe, fundi akae kando na laptop akijaza namba moja moja. Inataka barabara iliyonyooka, bila watu. Ruring'u ina wanafunzi na matuta. Kwa hivyo tulipanda Timau, kwenye shamba moja la ngano, ambako meneja alituruhusu kutumia barabara yao ya ndani. Zachary akaendesha, Wakonyo akashika laptop, mimi nikakunjwa kwenye kiti cha nyuma, kiti kilichotengenezewa labda mbuzi wawili wadogo.

Lilikimbia. Siwezi kuficha, lilikimbia mpaka kofia yangu ikaniingia machoni. Zachary akapiga kelele kama mtoto. Wakonyo peke yake hakucheka, alikuwa anaandika.

Tulipotua akasema, "Zachary, nisikize vizuri. Hapa Timau tuko juu, hewa ni nyepesi. Namba zote nimejaza ni za hewa ya huku. Ukishuka Karatina, ukishuka Sagana, hewa ni nzito, turbo itasukuma nyingi zaidi, na huko chini namba bado sijajaza. Kuna petroli ya kubahatisha tu."

Hili mimi nilimuunga mkono. Lori langu lilikuwa linakosa pumzi likipanda Timau kuchukua ngano, na likirudi chini linapata uhai kama limelala usingizi mzuri.

Akamwonyesha swichi ndogo nyekundu chini ya usukani. "Ikiwa chini, turbo inalala, unaweza kuenda nayo popote, hata Mombasa. Ikiwa juu, turbo inafanya kazi yote. Juu ni ya Timau peke yake mpaka nimalize. Wiki ijayo tushuke Sagana nijaze zilizobaki."

"Wiki ijayo niko na harusi, fundi."

"Basi iache hapa."

"Niende kwa wakwe na Probox ya baba? Hiyo haiwezekani."

Akalichukua Alhamisi ya wiki hiyo ya harusi. Wakonyo akaisukuma swichi chini kwa kidole chake mwenyewe, akabandika juu yake utepe mweupe na kuandika kwa kalamu: USIGUSE. Kisha akapangusa mikono.

Jumamosi tulienda Sagana, kwa kina Watiri, mchumba wa Zachary, kwa ngurario, ile harusi yetu ya kimila. Nilikuwa miongoni mwa wazee wa upande wa bwana harusi. Njiani Zachary aliendesha polepole, nilimwona, magari yetu yote yalimpita. Getini tulipokewa na Kingori, mjomba wa Watiri, mtu mnene mwenye sauti tamu. Yeye ndiye alikuwa anapanga magari. Akasema kila dereva amwachie ufunguo, ili gari la chakula likifika aweze kusogeza mengine bila kusumbua wageni. Funguo zote zikaingia kwenye karai moja kubwa la plastiki. Zachary alisita kidogo. "Muthoni, unaniogopa?" Kingori akamwambia, akimwita mkwe kwa Kikuyu. Nani angekataa, kwa wakwe? Akaacha ufunguo.

Mengine unayajua ukiwa umewahi kuhudhuria. Wasichana walifunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, Zachary akaambiwa amchague Watiri wake. Akazunguka, akazunguka, akakaribia kumshika shangazi mmoja, watu wakaanguka kwa kicheko. Wakati huo huo nje tulisikia mlio mkali ukienda kwa barabara, ukapotea, ukarudi. Nilidhani ni bodaboda iliyotolewa bomba. Kila mtu kwenye hema aliusikia, maana mpiga picha aligeuka kuangalia.

Jioni tulipotoka, gari la Zachary lilikuwa limeegeshwa likitazama ukuta. Asubuhi lilikuwa linatazama barabara. Akaliwasha, likatetemeka, likatoa moshi wa buluu uliowaingia wakwe puani. Aibu ile, mbele ya mama mkwe aliyevaa nyeupe. Lilivutwa kwa kamba mpaka Ruring'u, na habari ikafika kabla yake: yule mwanamke amepika injini ya watu.

Jumatano Zachary alikuja gereji. Alikuja na Kingori, ati kama shahidi wa familia. Wakonyo alikuwa tayari ameifungua injini. Pistoni ya tatu ilikuwa imeyeyuka pembeni kama mshumaa.

"Fundi, umeniaibisha," Zachary akasema.

"Mambo ya turbo si ya huku," Kingori akaongezea, kwa ile sauti tamu. "Ungemwambia tu aende Nairobi, mama."

Wakonyo akafungua laptop. Mimi sikujua, na nadhani hata wao hawakujua, kwamba ile kompyuta ya gari huandika kila kitu: saa, mwendo, mguu umekanyaga kiasi gani, swichi iko wapi. Akawaonyesha mistari. Jumamosi, saa nane na dakika kumi na mbili mchana, swichi ilipandishwa juu. Mafuta yakakanyagwa mpaka mwisho, sekunde thelathini na nane, bila kuachilia.

"Saa nane na dakika kumi na mbili ulikuwa wapi, Zachary?"

Zachary akatoa simu, akatafuta video ya mpiga picha. Saa iko pembeni. Yuko pale, anazunguka leso, anakaribia kumshika shangazi.

Nilidhani sasa mambo yamekwisha. Niliweka kikombe chini nikingoja Kingori aseme kitu. Kingori akaangalia paa la mabati. "Watu walikuwa wengi," akasema.

Na Zachary, mwenye gari, mwenye hasara, mwenye aibu, akamwambia Wakonyo polepole, "Funga hiyo laptop, fundi. Tafadhali. Hawa ni wakwe zangu."

Akaifunga. Ningekuwa mimi nisingefunga! Niliongea sana siku hiyo, nikamwambia aipeleke ile laptop sokoni, aipeleke kanisani, asimame nayo pale uwanjani. Akaniambia, "Guka, kunywa chai." Mjini hadithi ilibaki ile ile. Walikuwapo vijana wawili waliokuwa wamemletea masanduku yao kama lile. Wakaja mmoja mmoja, wakayabeba, wakayapeleka Nairobi. Wakonyo akarudi kwenye oili.

Mwezi wa tisa nilishindwa kulala na jambo hili, nikashuka Sagana mwenyewe. Kingori alinipokea vizuri, siwezi kusema uongo. Nikaletewa uji, nikaletewa mukimo na nyama, akaniuliza habari za magoti yangu. Nikala, nikashukuru, kisha nikamwuliza, yeye akaniongezea uji, na nikamwuliza tena aliponisindikiza getini, mahali pale pale lilipokuwa lile karai: saa nane na dakika kumi na mbili, ufunguo wa gari la Zachary ulikuwa mkononi mwa nani?