Hatua Mia Mbele ya Baba

Nikisema kwamba siku ya mwisho niliyokaa na baba yangu tulikwenda kutembea mlimani, watu hunitazama kwa huruma, wengine hata hutabasamu. Wanadhani ilikuwa siku nzuri. Hewa ilikuwa nzuri, sikatai, na msitu ulikuwa umetulia. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa nimefura tangu alfajiri, na sitaki mtu aipake sukari hasira yangu.

Kolwezi, mji wetu wa migodi ya shaba, ilikuwa imeshavunjika kabla ya watu kuanza kufukuzwa. Machimbo ya chini ya ardhi yaliporomoka, mitambo ikakosa vipuri, na gunia la unga ambalo kampuni iliwapa wafanyakazi kila mwezi likawa nusu gunia, kisha likawa hadithi. Njaa ilipoingia, wakubwa walihitaji mtu wa kumsukumia lawama, wakatuona sisi wenye asili ya Kasai. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai na kampuni hiyohiyo, kwa treni, akiwa kijana mwenye mikono yenye nguvu. Baba alizaliwa Kolwezi, akasoma Kolwezi, akaoa Kolwezi. Kasai alikuwa anaijua kwa kusimuliwa tu. Ghafla akawa mgeni, na watu waliokuwa wakiazima sufuria kwetu wakaanza kutuita bilulu, yaani wadudu. Sufuria zetu mbili hawakuzirudisha.

Mama yeye ni Mchokwe wa upande wa Sandoa. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Kwa watu wa baba ni kinyume: mtoto ni wa baba, na habari imekwisha. Nyumbani kwetu jambo hilo lilikuwa la kuchekesha. Nikirudi na alama nzuri shuleni, baba alijipiga kifua kwamba mtoto wake ana akili. Nikivunja sahani, alimgeukia mama na kusema, "Itia ndugu yako ku Sandoa, akuye kubeba mutoto yake." Nilikuwa mtoto wao wa pekee aliyeishi, kwa hiyo walinigawana kwa mizaha miaka yote hiyo bila mtu kuumia.

Mwaka ule mizaha ilikwisha. Kila nyumba yenye damu mbili ilibidi iseme nani anakwenda na nani anabaki. Mimi sikungoja kuulizwa. Nilikwenda parokiani, walikoandika orodha ya watu wanaosubiri mabehewa ya kwenda Kasai, nikaandikisha jina langu chini ya jina la baba. Nikafunga begi langu. Mama alisema yeye atabaki kulinda nyumba, na tangu siku hiyo nilimjibu kwa neno moja moja, kwa maana niliona anaipenda nyumba kuliko mume wake.

Basi asubuhi ile baba akaniambia nivae viatu vizuri, tunapanda mlimani. Miaka ishirini alikuwa amefanya kazi na wapima ardhi wa kampuni, akivuta mnyororo wa kupimia na kufyeka njia, na mgongo ule wa mlima aliujua jiwe kwa jiwe. Nilimuuliza ni wakati gani huu wa kwenda matembezi. Mama alitufungia viazi vitamu, karanga na samaki mkavu, akanishika bega mlangoni, akalishika kwa muda mrefu. Niliutoa mkono wake nikatoka.

Tulipita nyuma ya vilima vya mchanga uliotupwa na mgodi, mahali ambapo hata nyasi hazioti, kisha tukaingia msituni. Ilikuwa majira ya majani mapya, na miti ilikuwa myekundu kabla mvua haijanyesha. Mgongo wa mlima ni mwembamba. Kushoto bonde, kulia bonde, na njia inakwenda juu yake kati ya vichuguu. Baba alitembea mbele. Alikuwa na desturi yake ya kazini: kila baada ya hatua mia alihamisha kijiwe kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, ili ajue umbali. Kampuni haikumlipa tena na nchi haikumtaka, lakini yeye bado anaipimia. Nilitamani kumpokonya vile vijiwe nivitupe bondeni.

Mara mojamoja alisimama kunionyesha kitu. Hapa uyoga mkubwa huota mvua ya pili ikinyesha. Hapa waliwahi kukutana na chatu, mzungu akapanda juu ya mabega ya mpishi. Hadithi hiyo nilikuwa naipenda tangu utotoni, na siku ile nilijibu "ndiyo" nikaangalia pembeni. Kila mahali palikuwa na visiki vipya, kwa sababu watu waliopoteza kazi walikuwa wamegeuka wachoma makaa. Hata msitu ulikuwa unafukuzwa, nikajisemea, na hasira ikanipanda tena.

Karibu na adhuhuri tulifika kwenye mwamba wa mwisho, mgongo unapokatika na kuacha uwazi. Palikuwa na nguzo fupi ya saruji, alama ya wapimaji, na baba aliipangusa vumbi kwa kofia yake. Chini ulionekana mji wote: mashimo ya shaba na ngazi zake, nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari, reli, na stesheni. Stesheni haikuonekana vizuri kwa sababu ya vitambaa. Watu walikuwa wamejenga vibanda kwa mashuka, mapazia, vitenge, chochote kile, na walikuwa wanaishi pale wiki baada ya wiki wakisubiri treni ambayo haikuwa na siku wala saa. Kutoka juu rangi zile zilipendeza, na jambo hilo nalo liliniudhi.

Tulikula. Baba alimenya viazi polepole, akanipa kikubwa. Kisha akasema, akiangalia mji:

"Mama, jina yako nilisha kuitosha mu liste."

Baba aliniita mama, kama akina baba wa kwetu wanavyowaita binti zao. Nilimuuliza amelifuta kwa ruhusa ya nani.

"Onkle yako wa Sandoa alikuya juma yenye ilipita, ulikuwa ku masomo. Tulisemezana. Alirudisha mbuzi."

Nilielewa mara moja. Kwa watu wa baba, mwanaume anapooa hutoa mbuzi kwa mama wa mke, na mbuzi huyo ndiye anayewafanya watoto kuwa wake. Mbuzi akirudishwa na baba akampokea, mambo yamefunguka: mke ni wa kwao, na watoto humfuata. Baba alikuwa amempokea. Alikuwa ametia sahihi mbele ya mkuu wa mtaa kwamba mimi ni mtoto wa ukoo wa mjomba wangu, mzaliwa wa Sandoa, mahali nilipowahi kulala siku nne tu maishani. Mbuzi mwenyewe hakufika hata nyumbani kwetu. Mkuu wa mtaa alimla kwa ajili ya muhuri.

"Na mama anajua?"

"Njo yeye alimuita ndugu yake."

"Na mi, hamukuniuliza?"

"Ungekatala."

"Ndiyo, ningekatala."

"Njo maana," akasema.

Akaniambia kwamba pale stesheni wanazika watoto kila juma. Kwamba ndani ya mabehewa watu wanakwenda wamesimama siku nyingi, bila maji. Kwamba huko Kasai hana nyumba wala rafiki. "Kule mi sina hata kiti," alisema. "Nikupeleke kukaa wapi?" Alisema yote kwa utulivu, na kila neno lilikuwa kweli, na mimi sikutaka ukweli wake. Nilitaka kuwa mtoto wake. Nikamwambia kwamba ameniuza kwa mbuzi. Aliokota maganda ya viazi moja moja akayafunga kwenye kitambaa.

Kisha akamalizia. Mzigo wake ulikuwa tayari stesheni, hatarudi nyumbani. Alikuwa amemuaga mama usiku. Na chini ya mlima, njia inapoingia barabarani, kulikuwa na kizuizi cha hao waliokuwa wakitufukuza.

"Utatangulia, hatua mia mbele yangu. Kama banakuuliza juu yangu, sema haunijue. Karatasi yako iko muzuri, usiiharibu."

Nilitangulia. Sikumwambia neno lolote njia nzima, na njia ni ndefu. Nilisikia viatu vyake nyuma yangu, na mara mbili nilisikia anasimama, labda akisubiri nigeuke. Sikugeuka.

Kizuizi kilikuwa gogo lililolazwa barabarani, na wanaume watano. Mkubwa wao alikaa kwenye kiti cha shule akiwa na daftari magotini. Nilimjua. Alikuwa fundi umeme wa kampuni, alikuwa amefanya kazi na baba, na Krismasi mbili alikula bukari, ugali wetu, mezani kwetu akasifu mikono ya mama. Jina langu alilijua. Jina la baba alilijua zaidi.

"Mama," akaniambia kwa adabu, "ule muzee mwenye kuya nyuma, ni wa kwenu?"

Hakuuliza ili ajue. Aliuliza ili nijibu. Kama ningesema ni wangu, angefuta ile karatasi na ningekwenda stesheni pamoja na baba, kama nilivyotaka siku zote zile. Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Baba naye alikuwa ameshakaribia, kwa sababu nilikuwa nimepunguza mwendo bila kujua, na alikuwa anasikia kila kitu.

"Simujue," nikasema. Kisha nikaongeza, kwa sauti kubwa, bila mtu kuniuliza: "Sina baba wa namna ile."

Yule fundi akacheka kidogo, akaandika. Baba alifika, akavua kofia, akawaamkia. Kisha akaniamkia na mimi, "Bonjour, mama," kama mtu anavyomwamkia binti wa watu njiani, akafuata barabara ya stesheni. Mimi nilikwenda nyumbani.

Yule mwenye daftari yuko hai. Nimemwona sokoni akichagua nyanya, na sijui hasira yangu juu yake nitaizika wapi. Mama nilimsamehe baada ya miaka mingi na maneno mengi. Baba alifika Kasai, akaishi mvua mbili, akafa kwa homa. Mwanamke mmoja aliyekuwa jirani yake huko alirudi na kututafuta, akatuletea maneno yake. Alisema baba aliwahadithia watu wote kwamba ameacha binti Kolwezi, binti mtiifu sana, aliyefanya sawasawa na alivyoambiwa.

Mama alilia kwa furaha. Mimi nilitoka nje. Aliniambia niseme simjui, na hilo nililisema. Yale mengine niliyaongeza mwenyewe, kwa sababu nilitaka yamuume. Na baba hakuwa mtu wa kusikia nusu ya maneno.