Pachi Zisizongoja

Wiki jana nilipita kando ya fundi wa baiskeli aliyekuwa amefungua solushen, na harufu ile kali ya gundi na mpira uliosuguliwa msasa ikanisimamisha katikati ya njia. Mama mmoja akanigonga kwa kikapu chake, akaniuliza kama nimerogwa. Nilikuwa Juba, mtaa wa Hai Cinema, nina miaka kumi, nimeshika karai la maji.

Ngojeni niwaeleze. Mama yangu alifariki tukiishi Bungoma, na shangazi zangu wakataka nibaki kwao. Baba akakataa. Mkataba wa amani ulikuwa umetiwa saini kule Sudan, watu wakisema Juba kuna kazi, naye akapata ya kupakua mizigo uwanja wa ndege. Akanipakia juu ya lori pamoja na baiskeli yake nyeusi. Shangazi walisema mwanamume hawezi kulea msichana peke yake, na hawakukosea sana, maana kusuka nywele hakujua kabisa, na ugali wake hata paka wa jirani aliunusa akaenda zake.

Mchana ulikuwa mrefu. Watoto wa mtaa walicheza kwa Kiarabu cha Juba, mimi nina Kiswahili changu na sina wa kuzungumza naye. Nilikaa mlangoni nikisikiliza ndege zikishuka, nikijidanganya kwamba Baba akishapakua hii iliyotua sasa, atarudi.

Akirudi, alikuwa amechoka, hana maneno. Isipokuwa jioni za pancha, na miiba ya Juba ilihakikisha hazikosekani. Tulizamisha tyubu karaini tukatafuta mapovu, akasugua msasa, akapaka solushen. Kisha ilibidi tungoje ikauke kabla ya kuweka kiraka, yaani pachi. Kuipuliza alikataza. "Solushen haina bosi," alisema, tukaegemea ukuta. Ni katika kungoja huko tu ndipo alipomtaja Mama: alivyopenda kubebwa kwenye keria huku akiimba vibaya makusudi, alivyomkataa Baba mara ya kwanza kwa sababu ya viatu vyake. Wakati mwingine wowote jina lake halikutajwa mle ndani. Nami niliogopa kuuliza, nisije nikamliza.

Solushen ilipokwisha akanituma soko la Konyo Konyo. "Chagua mwenyewe, umeshakuwa fundi," alisema, nami nikavimba kichwa njia nzima. Mama Nakato, Mganda aliyeuza vipuri vya baiskeli, akaniwekea boksi mbili mezani. Moja ilikuwa ile ya kawaida, ya solushen na msasa. Ya pili ilikuwa mpya, pachi zake zimeshapakwa gundi kiwandani.

"Hii hapana ngoja," alisema. "Wewe natoa karatasi, nabandika, kalas, kwisha. Baba yako nachoka na kazi ya ndege. Wacha yeye apumzike."

Nikayafikiria macho ya Baba yalivyokuwa mekundu jioni. Nikachukua ya haraka.

Pancha haikuchelewa. Baba aliigeuzageuza boksi mkononi, akanisifu kwa kuchagua kitu cha kisasa. Akabandua karatasi, akabandika, akakandamiza kwa dole gumba. Kazi ikaisha kabla sijauegemea ukuta. Alisimama pale kidogo, akautazama mkono wake, kisha akaingia ndani akalala. Nilibaki nje na karai, mpweke kuliko mchana wowote niliowahi kukaa pale mlangoni. Nililia kimya huku nikijiambia nimefanya vizuri, Baba anapumzika.

Jioni iliyofuata nilimkuta amelifungua tena gurudumu lile lile.

"Inavuja," alisema.

Nikainama juu ya karai. Maji yalikuwa yametulia kabisa. "Sioni povu, Baba."

"Inavuja, binti yangu. Hizi hazishiki."

Akaibandua pachi, nayo ilitoka kwa shida. Mfukoni akatoa solushen aliyoinunua mwenyewe akitoka kazini. Niliumia sana. Niliona Mama Nakato amenidanganya na Baba hataniamini tena kuchagua kitu, nikanuna, nikageukia upande wa pili. Akapaka gundi, akaegemea ukuta. "Mama yako," akaanza, "alikuwa akinuna hivyo hivyo." Basi akaendelea, na gundi ikakauka zamani, wala hakuigusa mpaka giza likaingia.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile nilichagua vibaya. Nilihitaji kuwa mtu mzima, na kumzika mume wangu, ndipo nikaelewa kwamba tyubu ile haikuwa ikivuja popote. Baba alikuwa amejaribu kuipitisha jioni moja bila kumzungumzia mkewe kwa mtu, akashindwa. Nami nilikaa naye bega kwa bega ukutani pale nikidhani kwamba, nyumbani mwetu, mpweke ni mimi.